Miti Yenye Mkanda Mwekundu

Kituo cha msituni
4 Agosti

Shemeji,

Salamu nimeziacha mlangoni, zitaingia nikishapoa. Nimerudi leo asubuhi kutoka kituo cha pili, nilikokuwa siku tisa nikikagua mitego ya wadudu kama ofisi yako ilivyoniagiza, na kitu cha kwanza nilichokiona nilipopanda kilima cha kituo chetu ni mbingu. Miaka sita napita pale sijawahi kuiona mbingu, kwa sababu palikuwa na misonobari. Sasa kuna visiki. Nimevihesabu mara mbili, mara ya kwanza nikilia na mara ya pili nikiwa nimejikaza, na jibu ni lile lile: mia moja arobaini na vinane.

Magogo bado yamelala pembeni, na kila gogo lina mkanda mwekundu. Shemeji, mkanda ule nimeupaka mimi, kwa mkono wangu, kwenye miti mizima! Mti ukishakaguliwa na kuonekana hauna mdudu, unavishwa mkanda. Mti wenye mdudu haupakwi rangi, kwa sababu rangi huziba matundu, na tundu likizibwa nitajuaje kama mbawakawa ametoka au bado yumo? Hayo nimeyaeleza ukurasa wa nne wa ripoti niliyokutumia mwezi wa sita. Msimamizi wa wakataji amenionyesha amri. Inasema: "Ikatwe miti yote yenye alama ya mkaguzi." Chini yake kuna sahihi yako na mhuri wako, umepigwa wima kabisa, mzuri.

Kwa hiyo iliyokuwa mizima imekatwa yote, na ile sitini na mitatu inayoliwa imeachwa imesimama. Ukiitazama kwa mbali utaisifu: ya kijani, imenyooka. Sogea karibu. Chini ya shina utakuta unga mweupe, utadhani fundi seremala alipiga randa hapo. Bandika sikio kwenye gome utamsikia buu anatafuna, kru, kru, hana haraka wala hana aibu.

Sasa nisikilize vizuri. Mabuu hawa wengi wameshamaliza kula. Wamejigeuza mbawakawa na wamekaa kimya ndani ya mbao wakingoja mvua. Mvua ya kwanza ikipiga, kila mmoja anatoboa tundu lake la mviringo anaruka. Na hatua mia mbili kutoka hapa, ng'ambo ya kijito, kuna shamba kubwa, misonobari elfu nne. Mvua huanza wiki ya mwisho ya Septemba. Nataka kibali cha kukata na kuchoma ile sitini na mitatu kabla ya hapo. Orodha ya namba zake iko ukurasa wa pili. Wewe piga mhuri tu, Bwana Mhuri, hiyo kazi najua unaiweza.

Dada nisalimie, na wanangu. Wewe sikusalimii.

Shemeji yako mdogo,
Mkaguzi wa wadudu


Ofisi ya Misitu, chumba namba sita
11 Agosti

Bi Tundu, shemeji yangu wa kunitukana,

Barua yako imefika ya moto, nusura niishike kwa kitambaa. Nilimsomea dada yako mezani, akacheka mpaka akapaliwa, halafu tulipofika kwenye visiki akasukuma sahani. Pole. Nasema pole kweli, si pole ya ofisini.

Kuhusu ripoti, nimeuliza masjala. Ripoti ya mwezi wa sita haipo. Bila ripoti hakuna orodha, na bila orodha siwezi kuomba kibali, kwa sababu mkubwa ataniuliza miti sitini na mitatu ni ipi na nani kasema. Mkurugenzi ameunda kamati ya watu watatu kuchunguza ilikuwaje miti mizima ikakatwa. Wameanza kwa kuketi, kama kawaida ya kamati.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usiandike tena kwa anwani ya ofisi, barua hufunguliwa masjala kabla hazijanifikia. Andika nyumbani. La pili, habari za mkanda usimweleze mtu yeyote mpaka nikwambie. Najua kunyamaza kwako ni kazi ngumu, dada yako anasema ulianza kusema ukiwa na miezi tisa na hujapumzika tangu siku hiyo. Jaribu.

Shemeji yako,
mwenye chumba namba sita


Kituo cha msituni
15 Agosti

Shemeji,

Haipo? Haipo vipi? Ripoti yangu ni kurasa kumi na moja na jalada la bluu, haiwezi kuanguka nyuma ya kabati kama kalamu. Nilimkabidhi dereva wa gari la barua tarehe kumi na nane Juni. Leo nimemsimamisha njiani, nikamwambia afungue kitabu chake cha makabidhiano mbele yangu. Kuna sahihi yako. Ile ile yenye mkia mrefu. Sasa ama ripoti ilikufikia ukaipoteza, ama kuna mtu amejifunza kuuchora mkia wako.

Na mkanda eti nisiuseme! Nimeshausema. Nimemwendea msimamizi wa wakataji, nikamuuliza kwa nini alikata miti ambayo hata mtoto angeona haina tundu. Akavua kofia, mtu wa adabu yule, akasema: "Mama, mimi nimekata miti miaka ishirini. Mti uliopakwa rangi nyekundu ndio unaokatwa. Dunia nzima ni hivyo. Ukitaka tuuache, basi usiupake." Nikamwambia ofisi ilikuwa na maelezo. Akasema: "Sisi maelezo hatukupewa. Tulipewa mstari mmoja." Na ana haki. Mkosaji hayuko msituni, shemeji, mkosaji anakaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Nakuandikia nilichokiona asubuhi hii, ili usije ukasema hukuambiwa. Mti namba 17: matundu mapya ishirini na mawili, unga mkavu, utomvu hakuna. Mti mzima ukitobolewa humwaga utomvu ukamzamisha mdudu papo hapo. Huu hauna hata tone la kujitetea. Mti namba 30: nilibandua kipande cha gome, nikakuta mbawakawa kamili, mweusi, pembe ndefu kuliko mwili, amejikunja anangoja. Namba 31, 32 na 35 ni vivyo hivyo. Zimebaki wiki sita na wewe unatafuta jalada.

Litafute. Likipatikana nitaomba radhi kwa sauti, mbele ya masjala yote.

Mimi yule yule


Nyumbani
22 Agosti

Shemeji,

Naandika kwa kifupi, na leo sina mzaha.

Andika ripoti mpya. Weka tarehe ya mwezi huu. Toa orodha ya miti sitini na mitatu na hali yake, basi. Mambo ya alama usiyaguse kabisa. Kamati ikikuuliza, sema ile ya mwezi wa sita hukuwahi kuikamilisha. Wao watamaliza kazi mwanzoni mwa Oktoba, na siku watakapomaliza nitaipeleka ripoti yako mpya kwa mkono wangu, nitakuombea na kibali.

Najua unaloliwaza kuhusu mvua. Huenda zikachelewa mwaka huu.

Usiniulize kwa nini. Umenijua miaka kumi na tano, tangu nilipokuja kuposa kwenu ukanifungulia mlango ukaniambia dada yako amehama. Nakuomba uniamini mara moja tu.

Shemeji yako


Kituo cha msituni
26 Agosti

Dada yangu,

Yule mume wako simwandikii tena. Nakuandikia wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekubali kuolewa naye na mimi nikala wali wa harusi yake.

Ripoti yangu ameipoteza, au ameitupa, au ameichoma, lolote kati ya hayo. Sasa anataka nidanganye kwamba sikuwahi kuiandika. Anataka mimi niwe mzembe ili yeye aendelee kuwa mkubwa wa chumba namba sita! Kamati ikikaa itaandika: mkaguzi hakuleta ripoti, ofisi haikujua, kazi imekwisha, watu wakanywe chai. Na ananiambia huenda mvua zikachelewa. Dada, mvua haina mhuri, haingoji sahihi ya mtu.

Nilimpenda shemeji yangu. Nilimtania kwa sababu nilimpenda, mtu usiyempenda humtanii. Nilidhani uvivu wake ni wa makaratasi tu, kumbe hata moyoni. Miti mia moja arobaini na minane ilipandwa na watu ambao wengine leo ni marehemu, ilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na hakuna hata mmoja uliokuwa na tundu. Nilikuwa naijua mmoja mmoja. Kulikuwa na mti namba 90, ulipinda kiunoni ukiwa mdogo kisha ukanyooka, mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa akiuita Mwanajeshi Mstaafu. Umelala pale na mkanda wake.

Mwambie mumeo kwamba uwongo siuandiki. Mwambie na hili pia: mwizi wa mali huiba akakimbia, yeye ameiba ripoti na bado anaomba aaminiwe.

Nisamehe kwa kukuletea haya. Sina mwingine wa kumpelekea.

Mdogo wako


Nyumbani
2 Septemba

Mdogo wangu,

Wiki hii nimezalisha wanawake wanne, mmoja mapacha, na hakuna hata mmoja aliyenipigia kelele kama wewe. Kaa chini. Kama umekaa, jikaze.

Nilipopata barua yako nilipekua nyumba nzima. Juu ya kabati letu kuna sanduku la cherehani iliyokufa. Ndani yake nikaikuta ripoti yako na jalada lake la bluu. Hasira niliyoipata, yako ni cha mtoto. Nikaiweka mezani, nikamngoja. Alipoingia nikamwambia: "Baba watoto, hii ni nini?" Akaketi bila kuvua viatu. Akasema: "Soma ukurasa wa nne."

Mdogo wangu, ukurasa wa nne ni jedwali la mvua.

Nimeisoma yote, mara tatu, na mara ya mwisho nilifuata mstari kwa mstari na rula. Matundu umeandika, unga umeandika, utomvu, urefu wa mbawakawa, hata ndege anayewala. Kuhusu mkanda hakuna neno. Ukurasa wa kwanza umesema: "Miti yote mia mbili na kumi na moja imekwisha kukaguliwa na alama zimewekwa." Basi. Ni alama gani na ya nini, hukusema.

Nikamuuliza kwa nini ameificha. Akanijibu hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Kamati ikiiona hii, mkosaji ni mdogo wako. Yeye si wa kudumu, ana mkataba wa mwaka mmoja mmoja, wataukata kama walivyokata ile miti. Mimi nikionekana nimepoteza jalada nitapewa onyo, nitainamisha kichwa, yatapita." Ndiyo maana aliwaambia masjala haionekani. Ndiyo maana anataka uandike nyingine ambayo haina hata harufu ya rangi.

Huyo ndiye mwizi wako. Chakula anakigusa tu siku hizi. Barua yako sikumwonyesha, aliisoma usoni mwangu.

Sikuandikii ili nikuumize. Nakuandikia kwa sababu umesema kweli kwamba mvua haingoji, na ninyi wawili mnashindana nani atamkinga nani huku wadudu wenu wanajiandaa kuruka. Mimi nimekaa na akina mama wengi wanaoficha uchungu mpaka dakika ya mwisho. Mtoto huwa hana habari na siri hiyo, anatoka tu.

Dada yako


Kituo cha msituni
5 Septemba

Dada, Shemeji,

Barua hii ni ya wote wawili, kaeni karibu muisome pamoja.

Huwa naandika ripoti kwa kaboni. Nakala ilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya boksi la mitego, muda wote huu. Mwezi mzima nimelala juu yake nikiapa. Sikuifungua kwa sababu nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika haendi kuangalia. Nimeifungua jana. Jedwali la mvua, kama alivyosema Dada. Safi, limenyooka, nimelipigia mistari kwa wino wa bluu.

Maelezo ya mkanda yako kwenye daftari langu la msituni. Niliyaandika pale nikiwa nimesimama kwenye mti, na tangu siku ile kichwa changu kikaniambia nimeshayaandika. Na kuna jingine. Miaka yote nilipaka rangi nyeupe. Mwaka huu stoo walinipa nyekundu, nikasema rangi ni rangi. Mzee aliyenifundisha alijua maana ya mkanda, mimi nilijua, nikadhani na dunia nzima inajua. Msimamizi wa wakataji alinieleza kinaga ubaga na kofia yake mkononi, nami nikaona anamsema shemeji! Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa na kioo cha kukuzia mkononi.

Shemeji, nilikuita mwizi. Nalifuta neno hilo mbele ya mkeo. Nilikutukana kwa kosa langu, na ukayapokea matusi yote ukanyamaza. Naona haya, na haya yenyewe yananiwasha.

Lakini usidhani hasira imekwisha. Imegeuka upande tu. Nani alikuomba unifiche? Mimi ni mtu mzima, nina miaka thelathini na minane, si yai la kufungwa kwenye pamba. Ulipoificha ripoti ulificha na orodha. Mimi ukaniweka juu ya kabati pamoja na cherehani, na misonobari elfu nne ukaiacha nje ya mlango. Mficha uchi hazai, hujawahi kusikia? Ungenipigia simu kituoni siku ile ile ukasema, "Bi Tundu, umeharibu," ningelia siku moja, na siku ya pili misumeno ingekuwa inalia. Badala yake ukanihurumia. Siku thelathini na mbili za huruma! Najua ulifanya kwa upendo, na ndiyo maana nimekasirika hivi, kwa sababu adui ningemshtaki, wewe nikufanye nini?

Ndani ya bahasha hii kuna nakala ya barua niliyoipeleka leo kwa Mkurugenzi. Dereva ameiandika kwenye kitabu na nimesimama nikimtazama akiandika. Msinizuie, imeshaondoka.

Mimi


Kituo cha msituni
5 Septemba

Kwa Mkurugenzi,

YAH: MITI 148 ILIYOKATWA KIMAKOSA NA MITI 63 INAYOPASWA KUKATWA SASA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mkaguzi niliyepaka mkanda mwekundu kwenye miti mizima. Katika ripoti yangu ya mwezi Juni sikueleza maana ya mkanda huo. Wakataji walifuata amri waliyopewa, na rangi nyekundu ndiyo iliyowapoteza. Kosa la alama ni langu na sitaki libebwe na mtu mwingine.

Naambatanisha nakala ya kaboni ya ripoti nzima. Ukurasa wa pili una namba za miti 63 yenye mdudu. Naomba kibali cha kuikata na kuichoma ndani ya siku kumi na tano. Adhabu yangu inaweza kungoja Oktoba. Mbawakawa hawatangoja.

Wako mtiifu,
Mkaguzi wa wadudu


Nyumbani
14 Septemba

Shemeji,

Kibali kimetoka. Kimepigwa mhuri na mtu mwingine, kwa sababu mhuri wangu niliurudisha juzi. Nimesimamishwa kazi kwa kuficha waraka wa ofisi. Wakataji watafika kwako tarehe kumi na saba, na mimi nitakuwa nao. Sina cheo tena, kwa hiyo nipe kazi yoyote. Panga naweza kushika.

Kabla sijafika, kuna jambo lazima ulijue kutoka kwangu. Dada yako nimemwambia jana, na kamati nimeiambia siku niliporudisha mhuri.

Nilipomwambia asome ukurasa wa nne, nilisema kama mtu aliyeusoma zamani. Kabla ya kuandika amri sikuusoma. Siku ripoti ilipofika nilifungua ukurasa wa kwanza, nikaona "alama zimewekwa", nikaandika amri ya mstari mmoja, nikapiga mhuri, nikaenda kula. Kurasa kumi zilizobaki sikuzigusa. Na ukurasa wa pili, shemeji, kuna orodha yako, namba sitini na tatu zimepangwa vizuri. Ningefunua karatasi moja tu, ningeandika "kata namba hizi", na mkanda uwe mwekundu au wa dhahabu usingemdhuru mtu. Kosa lako lilikuwa na dawa yake nyuma ya ukurasa. Mimi ndiye sikufunua.

Niliisoma yote baada ya barua yako ya kwanza, nikitafuta huo ukurasa wa nne ambao ungenimaliza. Nilipokuta jedwali la mvua, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba na wewe umekosea. Hapo ndipo nilipoamua kukuficha. Dada yako aliona huruma, na wewe ukaona upendo, na vyote vilikuwamo, sikatai. Lakini nyuma yako nilikuwa nimejificha na mimi.

Nimeandika hili mara nne nikichana. Hii ya tano naituma.

Shemeji yako


Kituo cha msituni
Jumatano, 25 Septemba

Shemeji,

Umeondoka Jumapili na mvua imeshuka jana saa tisa alasiri, mwanzo kabisa wa ile wiki ya mwisho, kama vile imesikia ulivyoombea ichelewe. Sitini tulikuwa tumeshachoma ungali hapa. Mitatu ya mwisho ililowa haikushika moto. Msimamizi na mimi tumeibandua magome na kuipasua kwa shoka, pande zote, mpaka kwenye kiini, na kila mbawakawa tuliyemkuta tumemmaliza kwa mkono. Walikuwa mia na kumi na tisa katika miti mitatu. Zidisha mwenyewe.

Barua ya kuniachisha kazi imekuja na gari la leo. Pamoja nayo kuna waraka wa ofisi nzima, unaoipongeza kamati kwa "hatua za haraka zilizonusuru shamba kubwa". Kamati! Watu watatu ambao hawajawahi kukanyaga hata ukoka wa hapa, na msimamizi wa wakataji hajatajwa, wala yule dereva na kitabu chake. Nimesoma nikacheka kicheko kibaya. Nikamsomea msimamizi, akavaa kofia yake mbele yangu akaenda zake, na kwa yule hayo ndiyo matusi.

Barua yako ya tarehe kumi na nne nimeisoma mara tisa. Ulipokuwa hapa sikuitaja hata mara moja, na wewe hukuniuliza, ukawa unabeba magogo kwa zile suruali za ofisini mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nilikuona siku ya kwanza ulipomshika buu kiganjani ukakaa naye muda mrefu. Ukaniuliza, "Ndiye huyu?" Nikakujibu ndiye, nikaondoka, kwa sababu ningekaa ningesema.

Sasa nasema. Kutofunua ukurasa sikushangai, nimefanya kazi na ofisi miaka sita. Kilichoniuma ni kule kufurahi. Ulikaa mezani kwako ukajua nimeanguka, ukafurahi, halafu ukaniandikia ule utani wa kusema tangu miezi tisa. Sijakusamehe. Huenda nitakusamehe, lakini usinihimize, na usimtume Dada. Na mimi mwenyewe sijajisamehe pia, kwa hiyo tuko wawili kwenye foleni hiyo. Miti mia moja arobaini na minane, shemeji. Kila nikitoka mlangoni naiona mbingu.

Ila ulikuja, na hukuondoka mpaka mti wa sitini ulipokuwa majivu. Hilo nimeliandika kwenye ripoti ya mwisho, kwa jina lako kamili, ukurasa wa kwanza, mahali ambapo hata wakubwa husoma.

Kazi yangu inakoma Ijumaa. Leo tangu asubuhi nimevuka kijito, nimekagua mstari wa kwanza wa shamba kubwa, misonobari themanini na mmoja, kila mti kwa jicho na kwa sikio, huku maji ya mvua yananitiririka shingoni. Hakuna tundu. Unga hakuna. Nilipogonga magome utomvu ulitoka kwa wingi ukaninata vidole, hata kalamu hii naishika kwa shida. Mmoja baada ya mwingine nimeuandika mzima, na maana ya mzima nimeieleza.

Imebaki mistari mingi kuelekea juu. Nina kesho na keshokutwa.

Shemeji yako mdogo,
Mkaguzi wa wadudu